MREJESHO: Kazi ya utafiti chuo kikuu, nimepata ya mkataba

Wakuu, salaam. Februari niliomba ushauri hapa: nina shahada ya uzamili ya afya ya jamii, mwaka na nusu nipo nyumbani, nafasi za vyuo vikuu zote zinanipita.

Jumatatu iliyopita nimeanza kazi kama msaidizi wa utafiti, mradi wa malaria wa chuo kimoja, kituo Morogoro. Asanteni sana, machozi yalinitoka.

Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, niliendelea nayo, ila matangazo ya kufundisha niliyoyaona yalitaka GPA 3.8 ya shahada ya kwanza na mimi nina 3.6. Sikuitwa hata mara moja. Kilichofungua mlango ni ushauri wa dada aliyesema nisisubiri tangazo, niwaandikie viongozi wa miradi moja kwa moja: aya tatu, nitaje makala yao niliyoisoma na kazi ninayoweza kuifanya. Nilituma barua pepe 14. Wakajibu watatu, mmoja akaniita. Kwenye usaili nikapewa faili la data za kaya nilisafishe kwa R, programu ya kuchambua data, ndani ya saa moja. Mle nikakuta mtoto wa miaka 210, na kaya moja imeingizwa mara mbili. Kaka uliyenisukuma nijifunze R, Mungu akuzidishie.

Ufadhili wa PhD nimekosa, barua ya mapendekezo ya mwalimu wangu ilichelewa. Ombeni barua hizo mwezi mzima kabla. Na mkataba wangu ni miezi 12 tu, hivyo portal bado naifungua kila wiki.