Wakuu, maua niliyoweka ofisini yananiponza, naombeni ushauri

Mche_Mkavu: Wakuu habari zenu, nina presha. Nimeweka maua 14 ofisini kwa nia njema kabisa, maana pale pamekaa kama stoo, kuta nyeupe, taa mchana kutwa, dirisha hakuna. Mwezi wa pili huu majani yanageuka njano na vimetokea vijidudu vyeusi vinarukaruka mpaka kwenye vikombe vya watu. Bosi kasema Jumatatu asiyakute. Nimbembelezeje?

Babu_Jembe: Unamwagilia kila siku wewe. Hao wanazaliana kwenye udongo wa juu ukiwa na unyevu muda wote. Chomeka kidole, ukisikia pakavu ndio umwagie. Na vyungu vina matundu chini? Hapo kwenu weka sansevieria au zamioculcas, zinavumilia mwanga hafifu.

MamaPacha: Umenikumbusha, mimi nilienda likizo ya uzazi nikawaachia wenzangu ua langu, likafa, wakaweka la plastiki kimyakimya, nikalimwagilia wiki mbili 😂

Mlokole_Mstaarabu: Ofisi ni ya kazi. Uliomba ruhusa?

Mche_Mkavu: Ruhusa ya nini, mimea inasafisha hewa, NASA walipima 1989! Babu, kila siku hapana, Jumapili naruka. Matundu hayana, yangechafua zulia. Ila kuna moja limebabuka na jua.

Babu_Jembe: NASA walipimia kwenye maboksi yaliyofungwa kabisa kijana. Kwenu watu wanaingia na kutoka, vyungu 14 havisafishi kitu. Sema yanapendeza, inatosha.

Kipanga: Bosi anune hivyo kwa vijidudu tu? Hela ya maua 14 ulitoa wapi?

MamaPacha: Kimyaaa

Kipanga: Tunasubiri mkuu.

Mche_Mkavu: Haya. Mimi ndio nashika mchango wa chai wa idara, nilichukua humo. Lakini sijala hata senti, si kila mtu anayaona? Chai mtu anakunywa inaisha, ua linabaki. Na mengine 6 nimeshayatolea advansi, siwezi kurudi nyuma.

Mlokole_Mstaarabu: Huo ni wizi ndugu, hata ukiuotesha majani.

Jicho_Kavu: Jamani hii yenyewe ndio chai, tena bila sukari. Dirisha hakuna, ua limebabuka na jua. Jua la wapi?

MamaPacha: 😂😂 nilikuwa nishaanza kumuonea huruma

Mche_Mkavu: Hilo liko mapokezi kwenye mlango wa kioo! Picha hiyo hapo, chungu cha mezani kwangu, mseme tena chai.

Jicho_Kavu: Picha hata mimi naweza kupiga ofisi ya mtu.

Babu_Jembe: Awe anadanganya asidanganye, mbona maji yamesimama juu ya udongo? Kiinamishe yatoke, sasa hivi.

Mche_Mkavu: Nimekiinamisha. Mbona yananuka hivi?