Kumsemesha mdoli jukwaani: herufi M na B zinanishinda

McChipukizi_Igoma:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Mimi ni mshereheshaji, kazi zangu nyingi ni sendofu na kipaimara huku Igoma na Buzuruga, Mwanza. Nataka kuingiza mdoli wa mkononi, yeye aropoke, mimi nionekane nimetulia tu. Mbele ya kioo "sato, dagaa, sangara" natoka safi, midomo haichezi. Nikisema "Mabatini" au "bibi harusi" midomo inagongana yenyewe. Wanaoiweza sanaa hii wanafanyaje? Halafu mdoli akimtania baba mkwe akanuna, lawama ya nani?

ChuraWaZiwa:
Mkuu, wale wanasemea tumboni. Bibi yangu angetoka ukumbini na sahani yake.

MamaChekechea_Kirumba:
Hakuna cha tumboni, sauti inatoka kooni kulekule. Nilifundisha watoto wadogo kwa mdoli wa soksi, naijua shida yako. Achia midomo kidogo kama anayetaka kutabasamu, meno yakaribiane bila kubanana, kazi yote uiachie ulimi.

Herufi za midomo hazitamkwi, zinaibiwa. P inakuwa t, b inakuwa d laini, m inakuwa n au ng', f inakuwa th ya "thamani", v inakuwa dh ya "dhahabu". Sema "didi harusi" harakaharaka huku akilini ukiishikilia ile b. Msikilizaji anajua unamsema nani, sikio lake litajaza lenyewe. Na wewe uko Mwanza, unalia nini? Mfanye mdoli wako mzee wa Kisukuma kutoka Magu. Akisema "Ng'wanza" nani atashtuka? Aingie na "Ng'wangaluka", salamu yao ya asubuhi, saa tatu usiku, watu wacheke kabla hujaanza.

Ila usiabudu midomo. Edgar Bergen wa Marekani aling'ara redioni kuanzia 1937 na mdoli wake Charlie McCarthy. Redioni, jamani! Midomo yake ilicheza waziwazi, na Charlie mwenyewe alikuwa akimcheka kwa hilo. Watu walimpenda yule kijana wa mbao mwenye kofia ndefu, miwani ya jicho moja na mdomo mchafu. Mdoli asiye na tabia ni soksi tu.

Lawama ni yako, mwanangu. Afrika Kusini, Conrad Koch ana mdoli aitwaye Chester Missing anayewasema wanasiasa. Mwaka 2014 mwimbaji Steve Hofmeyr aliwafikisha mahakamani kwa maneno ya mdoli, akashindwa. Lakini baba mkwe hana haja ya hakimu, atakukata kwenye malipo. Mwombe ruhusa kabla, pembeni, na mdoli akutanie wewe kwanza.

FundiSpika_Nyakato:
Naongezea upande wangu. Ukumbini sauti inatoka kwenye spika za pembeni, wala si kwako wala kwa mdoli, na bado watu watamtazama yeye, kwa sababu jicho linaliburuza sikio. Taya lifunguke kwa kila silabi, na wewe umtazame anapoongea. Maiki ya kushika ukiiweka mbele ya mdomo inaficha mengi, ila utabaki bila mkono. Mimi ningekufungia ya kichwani.

ChuraWaZiwa:
Kwa hiyo ni wizi mtupu 😂

McChipukizi_Igoma:
Mama, shikamoo tena. Mzee wa Magu nimeshamwona kichwani, kofia ya pama na fimbo. Taya la mbao linachezaje?

MamaChekechea_Kirumba:
Marahaba. Fundi analikata taya peke yake, analipitishia msumari kama bawaba. Uzi wa nyavu unashuka hadi kwenye kidole chako, ukivuta linafunguka. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinalirudisha. Uzi wa kushonea utakatika katikati ya utambulisho wa wakwe. Ila anza na soksi kwanza. Mchongaji atataka hela yake hata kama mzee wako hachekeshi.