Bati la sarafu za Mwingereza kwa santuri tano za Siti binti Saad: nibadilishe au niache?

Mpenda_Gambusi
Wakuu, heshima yenu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mnisaidie kabla ya Ijumaa.

Nipo Tanga. Nina bati la biskuti limejaa sarafu za zamani za Uingereza: peni kubwa za shaba zenye yule mwanamke aliyeketi na ngao, shilingi, florini (za shilingi mbili), na zile za shilingi mbili na nusu. Nyingine zina sura ya Malkia Victoria, nyingine Edward, nyingine George. Zimo na chache za huku kwetu, senti kumi za tundu, moja ina jina la Edward na mwaka 1936.

Sasa kuna bwana mmoja wa Mombasa, mkusanyaji. Ana santuri tano za Siti binti Saad, zile nzito zenye picha ya mbwa na gramafoni. Anataka bati zima, anipe santuri zote tano. Gramafoni ninayo na inapiga vizuri.

Sarafu si fani yangu, muziki ndio maisha yangu. Swali ni moja tu: napunjwa au sipunjwi?

Kocha_wa_Mtaa
Weka picha mkuu. Bila picha tutakuwa tunapiga ramli.

BintiNgamiani
Mimi sarafu sizijui kabisa, ila umenigusa. Nyumbani kwetu Tanga ilikuwa taarabu ya Black Star na Lucky Star asubuhi mpaka jioni. Sauti ya Shakila ikianza, bibi yangu aliacha mchuzi uungue jikoni, na ole wako umwambie kitu. Nakumbuka hadi harufu. Chukua santuri ndugu yangu! Peni ya Mwingereza utanunulia nini sokoni?

Atomiki_Damu
Taarabu nawaachia nyie. Mimi ni Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, halafu Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro. Alifariki 1979 na mpaka leo sijampata wa kukaa kwenye kiti chake. Mleta mada, huyo bwana wako wa Mombasa hana za dansi? Muulizie basi.

Mhunzi_Birmingham
Naishi Birmingham na sarafu hizi ndizo ninazokusanya, kwa hiyo nitajibu swali lililoulizwa.

Zipange kwa miaka. Za fedha zilizopigwa kabla ya 1920 zina fedha asilimia 92.5. Kuanzia 1920 hadi 1946 ni asilimia 50. Kuanzia 1947 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Ile ya shilingi mbili na nusu ina uzito wa gramu 14 na kidogo, hivyo ya 1919 ina takriban gramu 13 za fedha safi na ya 1921 ina kama 7. Ukizitazama mezani zinafanana, tofauti iko kwenye mwaka. Peni za shaba nyingi hazina bei, zilipigwa kwa mamilioni. Ya 1933 ndiyo watu wanayoiota, lakini zinazojulikana hazizidi kama saba, kwa hiyo usipoteze usiku ukiitafuta.

Halafu, nakuomba sana, usizisugue. Si kwa majivu, si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno. Mkusanyaji akiona sarafu imesuguliwa anashusha bei hapo hapo, na hakuna namna ya kuirudisha ilivyokuwa.

Sasa swali langu. Mtu anayejua sarafu huchagua. Huyu anataka bati zima na hachambui. Kuna kitu gani humo ndani hujatutajia?

Mpenda_Gambusi
Ahsante mkuu. Sijaficha kitu. Kipo kidogo kimoja cha njano, kina mtu juu ya farasi anapigana na joka, mwaka 1911. Nilikiona kama medali tu. Yule bwana alikishika, akakigeuza, akakirudisha bila kusema neno.

Mhunzi_Birmingham
Hapo hapo simama! Hiyo ni pauni ya dhahabu ya wakati wa George wa Tano. Dhahabu ya karati 22, uzito gramu 7.98, upana milimita 22. Kama ni ya kweli, ndani yake kuna zaidi ya gramu 7 za dhahabu safi. Nenda kwa sonara mwenye mizani nzuri, apime mbele ya macho yako, isitoke mkononi mwako hata akikwambia anaingia nayo ndani dakika moja. Za kughushi zipo nyingi, na baadhi zilipigwa kwa dhahabu halisi, kwa hiyo uzito peke yake hautoshi, aangalie na maandishi. Lakini itoe kwenye hilo bati leo.

Kocha_wa_Mtaa
Alikirudisha bila kusema neno. Huyo bwana ana nidhamu jamani 😂

Baharia_Mstaafu
Vijana, mambo haya mimi nimeyaishi. Nilikuwa melini wakati pauni moja ni shilingi ishirini, na shilingi ni peni kumi na mbili. Peni 240 kwenye pauni! Ukishuka Cardiff na mshahara mfukoni suruali inaning'inia. Muuza duka anakutajia bei ya pauni, shilingi na peni kwa pumzi moja, na wewe Kiingereza chenyewe cha kuokoteza, unamnyooshea kiganja achukue mwenyewe. Tarehe 15 Februari 1971 wakabadilisha, pauni ikawa peni 100. Wenzangu wengi walibakiwa na za zamani mfukoni wakarudi nazo nyumbani.

Ndiyo maana nakuuliza, mwanangu. Mchanganyiko huo ni wa baharia. Bati hilo umelipata wapi?

Mpenda_Gambusi
Shikamoo mzee. Hujakosea, ni la baba yangu, naye alifanya kazi melini na Cardiff alikaa. Alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu.

Ustadh_Kijana
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mirathi imeshagawanywa? Mko wangapi?

Mpenda_Gambusi
Tuko watatu, mimi na dada zangu wawili, na mama yupo. Kikao kimekaa, nyumba na shamba vimezungumzwa. Bati halikutajwa kwa kuwa lilikuwa chumbani kwangu tangu mzee alipoanza kuugua. Alinikabidhi bati na gramafoni siku moja, akasema shika hivi. Dada zangu hawana habari na vitu vya zamani. Mkubwa yuko Muscat, dhahabu ya kuvaa anayo tele. Na niseme kwa heshima, mimi nimeuliza bei, sikuuliza mirathi.

Ustadh_Kijana
Ndugu yangu, huwezi kuuliza bei ya kitu kabla hujajua ni cha nani. Baada ya madeni, mama yako ana thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni chenu, mwanamume sehemu mbili za mwanamke, yaani wewe nusu na kila dada robo. Wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie, na alichokupa mtu akiwa kwenye ugonjwa uliomwondoa kinahesabiwa kama wasia. Dada kuwa na bangili Muscat hakumwondolei haki yake kwenye bati la baba yake.

Mama_Wawili
Mimi kaka yangu aliuza cherehani ya mama yetu. Alisema ni chuma kibovu, nani ataitaka. Kwenye cherehani ile mama alitushonea sare zetu zote za shule. Pesa aliyopata ililiwa wiki ile ile, na mimi mpaka leo nikienda kwake sikai zaidi ya saa moja. Sikutishi, nakueleza jinsi vitu hivi vinavyokaa kwenye kifua cha mwanamke.

Mchambuzi_Huru
Wakuu, mnajaza uzi bure. Hii ni CHAI. Edward wa mwaka 1936 ni yule aliyeacha ufalme Desemba mwaka huo huo bila hata kutawazwa, na hakuna sarafu yake iliyoingia mtaani. Mleta mada kasoma kidogo akatunga. Angalieni mwendo wake: kwanza bati, kisha dhahabu, kisha marehemu, kisha dada wa Muscat. Kesho ataleta ramani ya meli iliyozama.

Kocha_wa_Mtaa
Ndiyo maana picha haiji!

Atomiki_Damu
Na mimi nilishaanza kuandika majina ya bendi za kumwulizia huyo wa Mombasa. Kama ni chai semeni mapema.

Mhunzi_Birmingham
Mchambuzi, kwa Uingereza yenyewe uko sahihi. Kwa Afrika Mashariki hapana. Senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina lake tu, kwa hiyo wapigaji hawakusubiri picha ichongwe. Senti 5 na senti 10 za 1936 zenye EDWARDVS VIII REX IND:IMP zipo, na wala si adimu. Nyingine zina herufi H, za kiwanda cha Heaton cha hapa Birmingham, nyingine KN, za kiwanda cha King's Norton, pia hapa hapa. Zisizo na herufi ni za London. Anayetunga hutunga kitu cha bei kubwa. Huyu ametaja senti kumi ambayo bibi yako huenda anayo kwenye mkebe wa vifungo. Mimi namwamini.

Mchambuzi_Huru
Ya sarafu nimekuelewa, hiyo sikuijua na nashukuru. Bado santuri. Siti alirekodiwa Bombay kuanzia 1928. Santuri za namna ile ukiangusha moja ni vigae. Mtu awe nazo tano nzima, halafu azitoe kirahisi? Umeziona kwa macho au umeambiwa?

Mpenda_Gambusi
Mbili ziko hapa kwangu. Aliniachia alipokuja, nikampa shilingi kadhaa za Victoria kama dalili ya nia njema. Tatu zilizobaki anakuja nazo Ijumaa kuchukua bati.

Najua mtasema. Lakini mwanamume ameshatoa neno. Na nyinyi hamkusikia nilichosikia mimi. Mzee aliimba nyimbo za Siti kila akinyoa ndevu, maneno nusu nusu, nikadhani ni ya kwake. Nimeweka sindano, yakatoka yale yale, na mwisho wake ambao mzee hakuwahi kuufikisha. Peni haiwezi kunipa hicho.

Mama_Wawili
Na dada zako je, hawakumsikia akinyoa?

Fundi_Gramafoni
Kwa kuwa umeshaanza kuzipiga: badilisha sindano ya chuma kila upande mmoja, usione ubahili. Sindano iliyokwisha inakwangua mfereji, na sauti ikiondoka imeondoka. Zisimamishe wima, usizilaze kwa mrundo, na zikae mbali na dirisha, joto la Tanga linazipinda. Kabla ya kupokea zile tatu, zipige zote mpaka mwisho mbele yake. Ukisikia tak, tak kila mzunguko, kuna ufa, hata kama jicho haliuoni.

Baharia_Mstaafu
Mwanangu, neno ulilotoa ulilitoa kwa mali ya watu wanne. Huyo bwana mwambie hivyo hivyo, mkusanyaji wa kweli atasubiri. Asiposubiri, basi alikuja kwa ajili ya farasi na joka.

Mpenda_Gambusi
Pauni nimempa mama, ameifunga kwenye pindo la kanga. Dada wa hapa Tanga nimempigia, kasema haligusi mtu mpaka aje alione bati kwa macho yake, na sauti yake haikuwa nzuri. Wa Muscat sijampigia bado. Santuri mbili sizirudishi, nitazilipia kwa fungu langu.

Ustadh_Kijana
Muscat wako mbele yetu saa moja tu. Mpigie sasa hivi kabla hajalala, asije akasikia kwa mdogo wake kwanza.