Kunguni nyumba ya kupanga: dawa alipe nani?

Asalaam aleikum ndugu zangu, naomba ushauri. Nimepanga Kisauni, ghorofa ya pili, huu mwezi wa nne. Tangu wiki jana mwanangu anaamka na vipele vimejipanga mstari mkononi. Juzi usiku nikamulika tochi kwenye mshono wa godoro: kunguni, na vidoa vyeusi tele. Jirani tunayepakana ukuta anasema kwake walikuwepo kabla sijahamia. Mwenye nyumba anashikilia nimewaleta mimi na kochi langu, nijilipie dawa. Lakini nikipuliza kwangu pekee, si watarudi kupitia nyufa na soketi? Na mayai yakianguliwa lazima dawa irudiwe. Mkataba haujataja wadudu. Naweza kukata gharama kwenye kodi, au nitajitia matatani? Mtoto halali jamani.