Lee-Enfield No. 4, Mosin 91/30 au Mauser 98k: ipi rahisi kuitunza na kuikagua?

MpendaVyaKale
Wakuu, kibali ninacho, na nimeonyeshwa bunduki tatu za jeshi zilizolala ghalani miaka mingi. Usahihi wa shabaha tuuache kwanza. Nataka kujua ipi haitanitesa kwenye usafi, na ipi naweza kuithibitisha kuwa salama kabla ya risasi ya kwanza.

BoltiNzito
Chukua Mosin. Ni chuma tupu, haina makuu. Bolti, kile kifungio cha nyuma ya mtutu, inafunguka kwa mikono mitupu, na kile kifaa chake kidogo bapa kina mapengo mawili, 75 na 95, ya kupimia pini ya kufyatulia imechomoza kiasi gani. Ncha ipite kwenye 95 na igote kwenye 75. Ikichomoza kupita kiasi inaweza kutoboa fataki, kile kiwashio kitakoni mwa risasi, na gesi ikakurudia usoni.

FundiMtutu
Mkuu, umesahau grisi. Mosin nyingi zilizamishwa kwenye grisi nzito ya kuhifadhia. Watu wanafuta nje mpaka inang'aa, chemba, yaani pale risasi inapokaa, wanaiacha. Ikipata moto wa risasi kumi, ile grisi inageuka gundi, ganda linanasa, na utamwona mtu anapiga mkono wa bolti kwa kipande cha ubao. Kisha lawama anapewa mtengeneza risasi! Sugua chemba kwa brashi na kiyeyusho, shingoni mwa chemba hasa.

Kwa ukaguzi, mimi niko na No. 4. Kichwa cha bolti ni kipande cha peke yake, kimepigwa namba kuanzia 0 hadi 3, na namba ikipanda urefu unaongezeka. Mwanya kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda ukizidi, fundi anaweza kujaribu kichwa kirefu zaidi. Kwenye Mauser hakuna njia nyepesi hivyo.

Shabaha_Dada
Ila 98k ina jino la tatu nyuma ya bolti, la akiba endapo yale mawili ya mbele yatashindwa, na matundu ya kupitishia gesi ganda likipasuka. Mimi nailinda hiyo.

Tahadhari moja tu: namba. Wasovieti waliteka 98k nyingi, wakazifungua, wakachanganya vipuri, kisha kwenye bolti wakaandika namba ya bunduki kwa kalamu ya umeme. Ukiona namba imechorwa kama mwandiko wa mkono badala ya kugongwa, bolti hiyo huenda ilizaliwa kwingine.

BoltiNzito
Dada umenena. Na hata namba zikifanana, geji mbili za kupimia ule mwanya hazina mbadala. Ya kwanza bolti ifunge juu yake, ya pili igome. Pini na springi vitolewe kabla ya kupima, na usilazimishe mkono.

FundiMtutu
Nyongeza, maana hili linaua mitutu kuliko vita. Risasi nyingi za zamani zina fataki ya klorati ya potasiamu. Inaacha chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukimwaga mafuta tu umeifunika, inaendelea kula chuma chini kwa chini. Siku hiyohiyo mimina maji ya moto mtutuni, kausha, ndipo upake mafuta. Uso wa bolti nao usiuache.

MpendaVyaKale
Nimerudi. No. 4 ina namba zilezile kwenye bolti na kiwiliwili, kichwa kimepigwa 1. Nimetoa bolti, nimechungulia kwenye mwanga, hakuna kilichoziba. Hiyo ndiyo nitakayoichukua, na inakwenda kwa fundi mwenye geji kabla ya kuguswa na risasi. Ila kitambaa kinatoka mtutuni na rangi ya kijani. Ni kuoza?

FundiMtutu
Kijani ni shaba ya risasi zilizopita humo. Tia dawa ya kutoa shaba, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, vuta kitambaa, rudia. Ufito uingizie upande wa chemba, ukisugua mdomo wa mtutu unaharibu shabaha. Kikitoka cha rangi ya matofali, niite.

Shabaha_Dada
Na mkanda wa ngozi uuvue kabla hujamwaga hiyo dawa, mdogo wangu. Wangu niliuharibu hivyo.