Wakuu, nikokotoeje mediani ya kipato cha kaya Kitui, 2006 hadi 2016? Nawasilisha Ijumaa

Mbaazi_Tatu: Habari za jioni wakuu. Niko Nairobi, nimepewa kazi ya kuonyesha kipato cha kaya ya katikati Kitui, mwaka hadi mwaka. Yaani ukizipanga kaya zote kuanzia fukara hadi tajiri, ile inayoangukia katikati. Uchunguzi wa bajeti za kaya wa 2005/06 ninao, wa 2015/16 ninao. Shida ni kwamba ule wa kwanza ulifanyika kabla ya kaunti, kwa hiyo Kitui ni wilaya yake na Mwingi ni wilaya yake, ilhali leo zote mbili ni kaunti ya Kitui. Nikijumlisha mediani mbili nikagawa kwa mbili, kuna kosa? Usingizi sina.

Karani_Mstaafu: Kosa lipo, kijana. Chukua Mwingi yenye kaya tatu: elfu 8, 9, 10. Mediani 9. Kitui kaya tano: elfu 1, 2, 50, 60, 70. Mediani 50. Ukigawa kwa mbili unapata 29.5. Sasa zipange zote nane kwa mstari mmoja: katikati ni 9.5. Rudi kwenye kaya zenyewe, zichanganye na uzito wake wa sampuli, yaani kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi, ndipo utafute ya katikati.

Mama_Ndengu: Kipato gani mnachopima ninyi? Karani wa uchunguzi alikuja kwa mamangu akamuuliza anapata kiasi gani kwa mwezi. Mama akajibu, "Mwanangu, sina kitu." Nyuma yake magunia mawili ya ndengu, na embe alikuwa ameuza juzi tu. Hakudanganya, kwake kipato ni mshahara. Alipoulizwa siku saba zilizopita wamekula nini, hapo alizungumza mpaka chai ikapoa.

Karani_Mstaafu: Mama Ndengu kasema kweli. Ndiyo maana nguvu ya chunguzi hizo iko kwenye matumizi kuliko kipato.

Bwana_Tandale: Mediani ya nyumbani kwangu naijua. Shemeji, mimi, mke wangu. Wa katikati ni mimi, na mfukoni nina nauli ya kwenda tu.

Kijana_wa_Data: Tumia pato la kaunti, KNBS, ile ofisi ya takwimu ya taifa, walilitoa 2019, linaanzia 2013. Kazi imeisha.

Karani_Mstaafu: Hilo ni thamani ya kinachozalishwa ndani ya kaunti, si kinachoingia nyumbani kwa mtu. Kiwanda kikiwa kijijini kwenu na mwenyewe yuko Nairobi, faida inamfuata mwenyewe. Lakini Mbaazi, una chunguzi mbili na miaka kumi. 2007 hadi 2014 umeitoa wapi?

Mbaazi_Tatu: Nimekadiria.

Karani_Mstaafu: Kwa njia gani?

Mbaazi_Tatu: Nimepiga mstari kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili. Halafu pale 2013 nikaukunja kidogo, uinuke kwa kasi magavana wa kaunti walipoingia. Bosi anataka ugatuzi, yaani madaraka kushushwa kwenye kaunti, uonekane. Na jamani, barabara si zimekuja? Zahanati si zimekuja? Sijabuni kitu, nimeupa mstari umbo la ukweli. Slaidi zimeshachapwa kwa rangi.

Karani_Mstaafu: Kumbe swali halikuwa Mwingi. Nukta mbili haziwezi kukuambia mabadiliko yalitokea mwaka gani. Kipato kingeweza kuanguka 2011, mfumuko wa bei ulipokaribia asilimia 20, kikainuka tena, au kisiinuke hadi 2015. Na bei umezirekebisha? Shilingi ya 2006 siyo ya 2016. Tena sampuli ya 2015/16 ilikuwa kaya 24,000 nchi nzima, wastani wa 510 hivi kwa kaunti. Weka kipimo cha makosa pembeni ya kila nukta, yaani namba inaweza kupotoka kiasi gani.

Mtumishi_Amani: Kijana, mkate wa uongo ni mtamu lakini mwisho kinywa hujaa changarawe. Ombea hiyo kazi.

Bwana_Tandale: Aombee mstari unyooke?

Jicho_Kali: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye aliyefungua uzi Februari, kuku wake wanakufa kwa kideri? Alisema yuko Machakos, hana ajira. Leo ana bosi na slaidi za rangi. Hadithi ya kutunga hii.

Kijana_wa_Data: Weka picha ya faili.

Bwana_Tandale: Weka picha ya kuku.

Mbaazi_Tatu: Kuku ni wangu na kazi ni yangu, ajira nimepata Mei. Kwani mtu haruhusiwi kuwa na vyote?

Mama_Ndengu: Kideri chanjo yake ni ya tone la jicho, kila miezi mitatu. Usingoje waanze kusinzia.

Mbaazi_Tatu: Asante mama. Karani, nimefungua faili nikaondoa mkunjo, nikaondoa na mstari.

Karani_Mstaafu: Umebaki na nukta ngapi?

Mbaazi_Tatu: Mbili.

Jicho_Kali: Na kuku?

Mbaazi_Tatu: Saba.