GIF, CSS au picha tuli yenye alama ya plei: ipi kwa imeili ya ofa?

mtuma_barua
Habari zenu wakuu. Ijumaa natuma imeili ya ofa na bosi anataka kitu kinachocheza. Nina njia tatu: GIF (faili la picha kadhaa, yaani fremu, zinazopokezana), animesheni ya CSS (mwendo unaoandikwa kwa msimbo), au picha tuli yenye alama ya plei, mtu akibofya anapelekwa kwenye video. Mngechukua ipi?

pikseli_moja
Mkuu hujasema wateja wako wanasomea wapi. Gmail? Outlook ya ofisini? Simu? Na GIF ina uzito gani? Bila hayo tunapiga ramli tu.

BiMkubwa
CSS mdogo wangu. Nyepesi, inateleza vizuri. GIF mwisho rangi 256, picha ya bidhaa inatoka madoa madoa.

pikseli_moja
Dada, inateleza kwenye Apple Mail. Gmail haichezeshi hizo animesheni, na kama ulianza na maandishi yamefichwa ndo yanabaki yamefichwa hivyo hivyo.

BiMkubwa
Si usiyafiche! Anza na kila kitu kinaonekana, mwendo uwe nyongeza.

kalamu_nyeusi
Naomba niwaambie yaliyonikuta. Tulikuwa na GIF nzuri kweli, boksi la zawadi linafunguka taratibu, sekunde ya nne ndo punguzo linatokea pamoja na namba ya kuponi, kwangu naiona safi kabisa nikatuma orodha nzima. Asubuhi majibu yanamiminika, "hilo boksi ni la nini?" Kumbe wengi walikuwa na Outlook za zamani za kwenye kompyuta, ile 2007 mpaka 2016, zinachora imeili kwa injini ya Word na GIF zinaonyesha fremu ya kwanza tu basi. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa boksi limefungwa na utepe mwekundu. Nilishinda siku nzima najibu mmoja mmoja. Tangu hapo ofa inakaa fremu ya kwanza, na kitufe cha kununua ni maandishi halisi nje ya picha.

mtuma_barua
Duh, asante. GIF yangu ni MB 6, wengi wanasomea kwenye simu.

pikseli_moja
MB 6 unamaliza bando la watu! Mimi sivuki MB 1. Punguza fremu na upana, halafu chezesha sehemu moja tu ya picha, kwingine kutulie, faili linashuka sana.

mwanga_hafifu
Na isimwekemweke jamani, kuna wenye kifafa na kipandauso. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa zitumike na watu wenye ulemavu, unasema isizidi mara 3 kwa sekunde, na kinachojichezea zaidi ya sekunde 5 kiwe na namna ya kusimamishwa. Mimi naiweka icheze mara moja, isimame yenyewe kabla ya sekunde 5.

BiMkubwa
Kwani nyie GIF mnaitamka jifu au gifu? Steve Wilhite, aliyeiunda pale CompuServe 1987, alisema jifu.

kalamu_nyeusi
Gifu. Sibadilishi.

mtuma_barua
Bosi sasa anauliza kama video yenyewe inaweza kucheza ndani ya imeili.

pikseli_moja
Apple Mail ndiyo, Gmail hapana. Lakini mkuu, mpaka sasa hujatuambia unauza nini.